Nilimwonyesha Mteja Nyumba Yetu

Kama gazeti la wiki jana lilifungiwa misumari dukani kabla hujalisoma, pole, nakurudisha njiani haraka. Mimi ni dalali wa nyumba, mwanamke mtu mzima, sina mume wala simtafuti, naishi na baba yangu asiyeona katika nyumba ya kupanga. Wiki jana tulipoachana mimi na wewe msomaji, mwenye ghorofa niliyemhangaikia mpaka visigino vikapasuka alikuwa amemuuzia shemeji yake kimyakimya, mimi nikaambulia ahsante. Kwa uchungu huo nikakubali kuingia kwenye kikundi cha madalali kinachojiita Familia ya Washindi.

Familia! Madalali! Watu ambao wakikukuta na mteja wanakusalimia wewe huku wanamkonyeza yeye.

Familia hii hukutana Jumamosi asubuhi juu ya duka la rangi, kwenye chumba ambacho ukikohoa kinajaa, lakini kipaza sauti lazima kiwepo. Anayekishika tunamwita Kocha. Ana suti ya bluu na viatu vilivyochongoka mbele, na anaongea kama muuza dawa ya panya. Tangu nimjue hajauza nyumba hata moja. Anauza semina.

"Mwambie jirani yako: mimi ni mshindi!"

Jirani yangu alikuwa kijana tunayemwita Miwani, kwa sababu miwani ya jua haimtoki kichwani hata mvua ikinyesha. Akanigeukia, macho yanang'aa.

"Shangazi, mimi ni mshindi!"

"Hongera."

"Na wewe sema basi."

"Umeshasema wewe. Inatutosha wote wawili."

Siku hiyo somo lilikuwa elimu ya fedha. Kocha alizunguka chumba kizima anatokwa jasho.

"Pesa ina masikio! Ukisema huna, inasikia, inapita kwa jirani! Inafanya nini?"

"Inapitaaa!"

Watu wazima hao, wengine wana wajukuu. Mbele yangu mzee mmoja, dalali wa viwanja, alikuwa anaandika maneno hayo na kuyapigia mstari chini. Nilimtazama nikamwonea huruma, halafu huruma ikaisha nikabaki kumdharau tu.

"Kuanzia leo," Kocha akanguruma, "ni marufuku dalali wa Familia hii kumwambia mteja neno 'sina'! Huna anayoitaka? Mwonyeshe ya mfano! Mguu ukishaingia mlangoni, moyo unafuata!"

Makofi. Utafikiri kagundua moto. Nyumba ya mfano kila dalali anaijua. Mteja akitaka kitu usichonacho, unamwombea kwa mpangaji unayefahamiana naye, unamtembeza ndani, unasikiliza anachosifia na anachokunjia uso. Hapo umeshamjua, unakwenda kumtafutia ya kwake. Mbinu hiyo tuliikuta mjini.

"La pili, umoja! Nyumba yoyote uliyomwonyesha mtu, siku hiyo hiyo iweke kwenye kundi letu la simu, na picha zake. Mwenzako akiifanikisha, mnagawana kamisheni nusu kwa nusu. Hapa hakuna changu! Kuna nini?"

"Chetuuu!"

"Na asiyeweka nyumba hata moja kwa wiki, Jumamosi atapanda juu ya kiti atuimbie!"

Wakacheka na kupigana mabega. Mimi sikucheka. Mwanamke wa umri wangu, na mwili huu, nipande juu ya kiti cha plastiki niwaimbie wajinga? Nilikwenda nyumbani nimeapa kwamba mimi hawataniona juu ya kiti.

Katikati ya wiki akanipigia mteja. Daktari wa meno, mwanamke mpole, anaongea taratibu.

"Natafuta nyumba ya kununua. Iwe ya chini na isiwe na ngazi hata moja. Mama yangu yuko kwenye kiti cha magurudumu, na ninapoishi tunambeba kama gunia. Mtu mzima analia kila akitaka kutoka nje."

Nyumba zote nilizokuwa nazo zilikuwa na ngazi. Mafundi wa siku hizi hawajui kujenga mlango bila kukurusha juu kwanza. Neno 'sina' lilishanifika kwenye ulimi, na Mungu anajua, laiti ningelitema tu siku ile.

"Ipo," nikasema.

Nikawapigia wapangaji wangu ninaowafahamu. Mmoja hakupokea, mwingine alikuwa na wageni. Na Daktari alishaegesha gari mbele ya duka la rangi tulipoahidiana kukutana, ananipungia mkono.

Basi nikampeleka kwetu.

Najua unavyoniangalia. Ngoja nikueleze nyumba yenyewe, halafu unitukane ukiwa umeshiba habari. Baba alipopoteza macho nilimwangukia mama mwenye nyumba, akaniruhusu, nikaleta fundi. Tukang'oa vizingiti vyote. Tukapigilia mbao ya kushikia ukutani kuanzia chumbani kwa Baba, koridoni, mpaka chooni na jikoni. Nje tukamwaga saruji laini hadi getini. Ndani ya nyumba hiyo Baba si kipofu. Anachemsha chai yake, ananyoa ndevu zake, anafagia, mgeni akibisha anafungua yeye na kumtania.

Mtoe humo uone. Mwaka juzi tulilala kwa mdogo wangu siku chache tu. Baba aligonga paji la uso mlangoni, akaanguka bafuni, mwisho akakaa kitandani ameshika magoti anasubiri kupelekwa hata haja ndogo. Aliniambia, "Nirudishe kwangu kabla sijasahau kutembea." Alisema 'kwangu', na nyumba ni ya kupanga.

Kwa hiyo Daktari alipoingia, hakuona nyumba. Alimwona mama yake anajiendea mwenyewe na kiti chake. Akaipapasa ile mbao koridoni, akainama kutazama palipokuwa na kizingiti, akafuta machozi.

"Nani alifikiria haya yote?"

"Mwenye nyumba," nikasema, bila kupepesa macho.

Mlango wa chumba cha Baba ulikuwa wazi. Alikuwa amelala ameelekea ukutani, redio iko chini chini.

"Na huyu mzee?"

Hapo ndipo ilipotakiwa niseme ukweli. Lakini mteja akijua umempeleka kwako mwenyewe, kwenye nyumba isiyouzwa, humwoni tena. Mdomo wangu umezoea kazi, ukafanya kazi.

"Mpangaji," nikasema. "Anahama mwisho wa mwezi."

Lilitoka laini, wala halikunikwama. Baba hakugeuka, na mimi nikajiambia kalala.

"Naitaka hii," Daktari akasema.

"Hii ina mtu anaizungumzia, Daktari. Niachie nikutafutie pacha wake."

Akaondoka shingo upande. Jioni nikaikumbuka Jumamosi na kile kiti cha plastiki. Nikatoa simu, nikaweka picha kwenye kundi: koridoni, jikoni, saruji ya nje. Nikaandika: nyumba ya chini, tulivu, haina ngazi wala vizingiti. Sikuandika iko wapi. Na sikuandika kwamba ni ya mfano, kwa sababu nilitaka wale wapiga makofi wajue kwamba Shangazi ana nyumba ambayo wao hawajawahi kuiota. Wakamimina vidole gumba na mioto. Nikalala nimevimba kichwa.

Jumamosi nikakuta mezani kuna kengele.

"Familia!" Kocha alikuwa hashikiki. "Leo tuna nyumba ya kwanza iliyouzwa kwa umoja! Si kwa ubinafsi, si kwa ujanja, kwa umoja! Miwani, pita mbele! Shangazi, pita mbele!"

"Mimi?"

"Wewe, Shangazi! Hata hujui kwamba umeshinda!"

Nikasukumwa mpaka mbele. Miwani akanikumbatia kabla sijamkwepa, ananukia marashi ya bei rahisi na furaha ya kweli kweli.

"Nyumba ipi?" nikamuuliza sikioni.

Taa zikazimwa. Picha ikamulikwa ukutani. Koridoni kwetu. Mbao ya Baba, na kofia yake imetundikwa kwenye msumari wake.

Nikashika meza.

"Ilikuwa hivi," Miwani akawa anasimulia kwa kipaza sauti, anatabasamu masikio kwa masikio. "Nilivyoona picha nikaijua. Siku ya mvua niliwahi kumsindikiza Shangazi, nikanywa chai pale. Nikasema, kumbe Shangazi anataka kuhama na anaona aibu kutuambia! Nikaulizia mwenye nyumba kwa majirani. Mama wa watu alikuwa anataka kuuza siku nyingi ahamie kwa binti yake. Na mimi nilikuwa na daktari wa meno ananisumbua kila siku, anataka isiyo na ngazi. Nikawakutanisha. Hawakuchukua muda, walikubaliana mezani!"

"Sema nani kafanya!" Kocha akadakia.

"Umoja!"

Bahasha ikawekwa kiganjani mwangu. Nusu ya kamisheni, halali yangu, kwa kuuza paa la juu ya kichwa cha baba yangu.

"Shangazi, neno! Neno kwa Familia!"

Nikakichukua kile kipaza sauti. Hasira zote nilizowahi kuwa nazo juu ya chumba kile zikapanda kwa pamoja.

"Nyumba hiyo naishi mimi," nikasema. "Mimi na baba yangu. Haikuwa inauzwa. Ilikuwa ya mfano, nyie wapumbavu!"

Mzee wa viwanja aliacha kuandika. Hata Miwani alibaki mdomo wazi. Nikasema moyoni, angalau leo wameelewa kitu kimoja.

Kocha akavuta pumzi. Halafu akanyanyua mikono juu.

"Mnaona?" akasema kwa sauti ya kulia. "Mnaona ujasiri huo? Tunaogopa kuuza za watu, mwenzetu kauza mpaka anapolala! Familia, simameni!"

Wakasimama. Naapa, wakasimama wote, wakapiga makofi, wengine wanafuta macho. Mtu akagonga kengele. Nikaitupa bahasha mezani na kushuka ngazi, na makofi yalinifuata mpaka barabarani.

Nilikwenda moja kwa moja kwa mama mwenye nyumba. Nilimkuta anafunga vyombo vyake kwenye maboksi.

"Mama, umeuzaje nyumba bila kuniambia? Uliniahidi!"

Akanitazama kama mtu aliyetukanwa nyumbani kwake.

"Nilikuahidi, na ningekuambia. Siku zote nilisema, nikiuza utajua wewe kwanza. Lakini kijana wako kaja hapa na simu, tangazo lina jina lako juu. Nyumba yangu, vyumba vyangu, mpaka kofia ya mzee. Nikaona kumbe umejua kabla yangu."

"Mama, lile tangazo..."

"Si wewe uliyeliandika?"

"Ni mimi."

"Basi unagombana na nani?" Akaendelea kufunga sahani kwenye magazeti. "Na iliniuma, nikwambie ukweli. Nilivyowaachia mgonge kuta zangu mnavyotaka. Ungekuja tu ukasema, mama, tumechoka hapa. Nimeshasaini, mwanangu. Pesa ya watu imeshaingia."

Nilizoea kuwa na jibu kwa kila mtu, na hapo nilisimama kama mwizi aliyekutwa anajiibia mwenyewe.

Nikabaki na mlango mmoja. Nikampigia Daktari.

"Daktari, kumetokea kosa kwenye ile nyumba. Yule mzee hahami."

"Hahami?" Alishangaa kabisa. "Mbona jana alitupokea vizuri? Nilikuja na mama. Mzee mwenyewe ndiye aliyefungua geti. Kamwongoza mama nyumba nzima, kamwekea mkono juu ya mbao, kamwambia hapa inapinda, hapa ndipo jikoni. Mama yangu kacheka jana, dada. Sijamsikia akicheka tangu aanguke."

"Alikwambia nini kuhusu kuhama?"

"Alisema tusijali, binti yake ameshapanga kila kitu. Ana binti, kumbe? Sikujua."

Nilikata simu. Kwa hiyo tangu jana Baba anajua. Asubuhi nilimwekea chai, akaniuliza kama kuna mawingu, nikamjibu hakuna, nikatoka kwenda kwa Washindi. Hakuniambia kitu.

Nilikimbia. Mwili huu haukuumbwa kwa mbio na watu barabarani walinicheka, wacheke. Njia nzima nilikuwa nawatukana: Kocha na suti yake, Miwani na marashi yake, mama mwenye nyumba na sahani zake. Nilipofika getini matusi yalikuwa yamekwisha na aliyebaki ni mimi tu.

Baba alikuwa sebuleni, amevaa shati lake la kutokea, vifungo vyote mpaka shingoni. Pembeni yake, kwenye kiti changu, amekaa Miwani. Alitoka kwenye makofi kabla hayajaisha, akanitangulia.

"Wewe unafanya nini hapa?" nikamfokea. "Hujashiba?"

"Mwache," Baba akasema. "Kaja kuniomba radhi. Wewe je, umekuja kufanya nini?"

Nikapiga magoti mbele yake. Sikujali Miwani ananiona. Nililia mpaka kamasi.

"Baba, nisamehe. Sikuwa nimekusudia. Nilitaka nimwonyeshe tu yule mteja, halafu..."

"Siku ile nilikuwa macho," akasema.

Hakupandisha sauti. Afadhali angenipiga kofi.

"Ilikuwa ni kazi tu, Baba. Maneno ya kazi. Wewe unanijua."

"Nakujua. Ndiyo maana nilingoja. Nikasema leo ataniambia. Nikasema kesho. Unaniwekea chai, unaniuliza sukari imetosha, unatoka. Jana nikafungua geti nikakuta watu wanakuja kupima mapazia."

"Nitakutafutia nyingine. Nzuri kuliko hii. Nitang'oa vizingiti kwa meno yangu, Baba. Kazi yangu si ndiyo hii? Mimi ni dalali."

"Nimeshapata dalali."

Miwani akakohoa, akatazama sakafu.

"Huyu?" Nilisimama. Hata na machozi usoni dharau ilinirudia, sikuweza kuizuia. "Huyu, Baba? Huyu hajui hata kupima chumba! Anachojua ni kupiga makofi! Ndiye aliyetufukuza humu ndani!"

"Kaniambia mwenyewe kwamba hajui," Baba akasema. "Halafu kaniuliza nataka nyumba ya namna gani. Wewe ulishawahi kuniuliza?"

Nikatafuta siku hata moja. Mbao niliiweka mimi, rangi nilichagua mimi, fundi nilimwita mimi, kila kitu nilifanya na kumpa, nikasubiri ashukuru. Na alishukuru kila mara.

Nikarudi kwenye ninachokijua.

"Basi mwambie, nisikie na mimi. Unataka iweje?"

"Iwe chini. Choo ndani. Niwe nasikia watu wakipita."

"Vyumba vingapi?"

Miwani alinitazama, na kwa mara ya kwanza yule kijana hakuwa na tabasamu.

"Kimoja," Baba akasema. "Cha mtu mmoja."

"Na mimi, Baba?"

Akainuka. Mkono wake ukaifuata mbao ukutani hadi kwenye msumari, akachukua kofia, akaivaa vizuri. Akanyoosha mkono hewani mpaka ukakutana na bega la Miwani.

"Twende, kijana. Usiniharakishe tu."

Wakatoka. Mimi nimesimama sebuleni, nasikia viatu vyake kwenye ile saruji niliyomwaga mimi. Kwenye saruji alitembea vizuri. Alipopita geti mguu wake ukapapasa, haukujua pa kukanyaga, akayumba. Nikachomoka mbio. Nikamdaka mkono wa pili kabla hajaanguka.

Akasimama. Akaushika mkono wangu, akautoa kwake taratibu, akanigeuzia uso kwa heshima ile anayowapa watu asiowafahamu.

"Samahani, dada," akasema. "Tupishe kidogo. Tunawahi kuona chumba."